Elieza Katika Kitabu cha Ubatizo

Ndugu zangu, mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa kanisani kama ninyi, aliletewa ombi na majirani zake wa bondeni. Mama yao amefariki. Masika yamekolea, kila wakichimba kaburi linajaa maji. Wakaomba nafasi moja tu juu mlimani, kwenye makaburi ya ukoo wake.

"Makaburi haya ni ya wana wa Elieza," mwalimu akasema. "Elieza ni babu yake baba yangu, mwenyeji wa mlima huu. Ninyi mmetoka wapi?"

Mkubwa wa wafiwa, mzee mkulima wa tangawizi, aliinamisha kichwa. "Tumekusikia, Mwalimu." Wakaondoka.

Lakini mwenyekiti wa kitongoji alitaka uthibitisho kwamba makaburi ni ya ukoo huo. Basi asubuhi hiyo hiyo mwalimu akapanda hadi usharika wa zamani, kanisa dogo la mawe alikobatizwa Elieza. Alikwenda kwa hatua za mtu anayejua atakachokikuta. Mama mtunza vitabu akamfunulia kitabu cha kwanza cha ubatizo, kurasa zimegeuka rangi ya chai.

Mwalimu akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Elieza. Mtoto wa kiume, miaka kama mitatu. Wazazi hawajulikani. Aliokotwa njiani wakati wa njaa. Ameletwa na Nakiete, anayemlea pamoja na wanawe."

Nakiete! Bibi aliyeuzaa ukoo wa watu wa bondeni. Hata marehemu aliyelala akingoja kaburi alipewa jina lake.

"Nani mwingine ameuona ukurasa huu?" mwalimu akauliza taratibu.

"Tangu nianze kazi hapa, ni wewe tu."

"Basi kifunge, mama. Yaishie hapa."

"Kitabu nitakifunga," akajibu. "Lakini mazishi ni kesho, Mwalimu."

Ninyi mngefanyaje? Mngeshuka na maneno gani, wakati hakuna wa kuwaumbua?

Mwalimu alishuka kwa aibu. Hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja msibani, akavua kofia mbele ya yule mzee, akamweleza yote aliyoyasoma, bila kupunguza neno. "Nimekuja kuomba radhi. Mama atalala kando ya Elieza. Kaburi nitachimba mimi na wanangu."

"Habari hiyo tunaijua tangu utotoni," mzee akasema. "Bibi Nakiete aliwakataza wazee wetu kuisema. Alisema Elieza ni mwanawe, na mtoto hasimangwi kwa uji aliokunywa."

Mmesikia? Walijua! Walisimama pale mlangoni kwa mwalimu wakiulizwa wametoka wapi, jibu wanalo mdomoni, wakalimeza ili wasimwaibishe.

Sasa tuseme kweli. Sisi nasi tunauliza wenzetu wametoka wapi. Tunauliza kwenye kamati, kwenye posa, hata humu kwenye mabenchi. Na hakuna hata mmoja wetu aliyejilea mwenyewe. Yupo aliyetubeba siku ambayo hatukuwa na jina wala mtu, kisha akanyamaza. Na Mungu ametutendea hivyo hivyo, kila mmoja wetu.

Kwa hiyo sikuombi ukatafute ukurasa wako. Yupo mtu uliyemnyima nafasi. Unamjua, na huenda yumo humu. Ibada ikiisha usikimbilie nyumbani. Mwendee.