Mama Aliyeguswa na Kipeperushi

Palikuwa na bwana mmoja, ndugu zangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika vipeperushi vya kuombea michango. Mnavijua. Ndivyo mnavyopewa hapo mlangoni, kisha mnajipepea navyo mahubiri yakirefuka. Bwana yule alikuwa fundi wa kuliza watu. Alijua kwamba ukiandika "maelfu wana kiu," msomaji atapiga miayo. Lakini mwonyeshe mama mmoja tu, mtoto mgongoni, macho yamemkazia msomaji, uone mkono usivyochelewa kuingia mfukoni.

Basi akatumwa kijiji kimoja kikavu, ambako wanawake walifukua mchanga wa mto kutafuta maji. Kisima kingechimbwa michango ikipatikana, na michango ingepatikana kipeperushi kikigusa watu. Akaelekezwa kwa mama mmoja mjane, akampige picha. Kumbe mama amesikia kuna mgeni! Amefagia uwanja, amevaa kitenge cha Krismasi, anacheka mpaka magego yanaonekana.

Bwana akashika kichwa. Nani atamhurumia mtu mwenye furaha namna hii?

"Mama, naomba usicheke. Na huna nguo iliyochakaa kidogo?"

"Ninazo tele, baba. Lakini nimpokee mgeni na matambara? Majirani watanisemaje?"

Bwana akatoa kipeperushi chake cha zamani, chenye picha ya mama wa kijiji kingine. "Mtazame huyu. Kaa kama yeye."

Mama akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaitazama. Kicheko kikamwisha, machozi yakamlengalenga. Bwana akasema moyoni, hapo hapo, ndiyo sura ninayoitaka! Lakini kabla hajainua kamera, mama aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na tetea amemfunga miguu.

"Mpelekee huyu mama. Kuku huyu anataga vizuri. Mtoto wake apate yai."

"Hujanielewa, mama. Huyu alishasaidiwa zamani. Nimekuja kwa ajili yako, watu wakusaidie wewe."

"Kisima nakitaka, sikatai. Lakini huyu amenitazama mimi usoni. Nimpe kisogo?" Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Na wewe, baba, uliyefika mpaka kwake, ulimpa nini?"

Bwana yule alikuwa amewaliza watu wa mji mzima, naye mwenyewe hakuwahi kutoa hata kipande cha sabuni. Aibu ilimshika, kisha, kwa neema ya Mungu, ikamgeuza. Akasema, "Mama, cheka." Akampiga picha vile vile alivyo, na kitenge chake, amemnyooshea msomaji kuku wake. Chini akaandika: "Mama huyu hana maji, lakini ameanza yeye kutoa." Na mchango wa kwanza ulioingia ulikuwa wa mwandishi mwenyewe. Kisima kilichimbwa, ndugu zangu, na tetea yule alifika kwa yule mama wa kipeperushi cha zamani.

Sasa sisi. Si ndio sisi tunaosambaza picha ya mgonjwa kwenye simu, tukaandika "Mungu amsaidie," tukaendelea na chai? Tumekuwa mafundi wa kutangaza shida za watu. Kila mmoja anampasia mwenzake, na mwenzake anampasia mwingine, na mgonjwa bado kalala pale pale. Nani kati yetu alikwenda? Nani alipeleka japo uji?

Na wewe uliyekaa nyuma kule, unayesema sina kitu, mimi ni wa kupewa tu, nani amekudanganya? Mungu hajamuumba mtu wa kupokea peke yake. Una kitu. Kuna mtu ataamka kesho akimshukuru Mungu kwa sababu yako, iwapo leo utainuka. Basi inuka, mpendwa, usimsubiri mwenye nacho. Anza wewe.