Popo, Panya na Mbuzi Mezani kwa Mjomba Ambakisye

Hapo zamani, si zamani za wafalme bali zamani ambazo baadhi yetu tuliziona, palikuwa na mjomba mmoja huko Tukuyu, jina lake Ambakisye. Mvua ya Tukuyu ikishika haiachii, na mjomba huyu aliwatafutia wapwa wake mchezo wa kuchezea ndani. Ulichezwa mezani, kwa mdomo na kwa dadu. Yeye alisimulia nchi ya kubuni yenye milima na mazimwi, nao walikuwa watu wa nchi hiyo. Aliwauliza, "Mnafanya nini?" Wakasema wanachofanya, dadu ikarushwa, naye akawaambia kilichotokea. Nyumbani walimwita Mwenye Meza.

Wapwa walikuwa watatu. Lusajo, mkubwa, alikuwa na maneno mengi. Subilaga, aliyemfuata, alikuwa mpole lakini hakupenda kushindwa. Ipyana, wa mwisho, alikuwa mtani wa kila mtu. Ndani ya mchezo wote watatu walikuwa wapelelezi wanaobadili maumbo. Lusajo alichagua kuwa popo. Subilaga alichagua kuwa panya. Ipyana, walipodhani atachagua chui, akachagua mbuzi.

"Mbuzi!" Lusajo akacheka. "Utapeleleza majani?"

"Kaka, nani humshuku mbuzi?" akajibu Ipyana.

Sasa, wapelelezi wa namna hii humtaabisha mwenye meza. Ukiwaachia, wataingia kila tundu na kuona kila kitu, na siri itakwisha kabla mchezo haujaanza kunoga. Kwa hiyo Mjomba aliweka sheria. Aliyebadilika hujua tu kile ambacho mnyama yule angejua. Mnyama hasemi mpaka arudi kuwa mtu. Na mmoja akitangulia peke yake kupeleleza, wenzake huondoka mezani, huenda jikoni, wasisikie yasiyowahusu.

Huko jikoni Bibi hakumwacha mtu akae bure. Aliwapa ungo wa maharage wachambue. Ndiyo maana maharage ya nyumba ile hayakuwa na jiwe, na ndiyo maana Bibi aliusifu sana mchezo ule ingawa hakuuelewa.

Ikatokea Mjomba akapata uhamisho wa kwenda Mtwara. Akawakalisha wapwa wake akasema, "Dadu zangu, ramani zangu na kiti hiki naviacha hapa. Leo tunacheza mara ya mwisho nikiwa mwenye meza. Kuna mji wenye kiu. Zimwi amefungia chemchemi yake pangoni. Atakayeuokoa mji huo ndiye atakayekalia kiti."

Wote watatu walikitaka. Lusajo alikwisha kubuni nchi yake kichwani. Subilaga alikuwa na nchi mbili. Ipyana hakusema ana ngapi, lakini siku hiyo hakumtania mtu mpaka chai ikapoa.

Mji ulikuwa na kiu. Akatangulia popo. Subilaga na Ipyana wakaenda jikoni, wakachambua maharage.

Mjomba akasema, "Umeingia pangoni, giza tupu. Kuna milango miwili ya chuma. Nyuma ya mlango mwekundu unasikia maji yananguruma."

Lusajo akatupia jicho mlango wa jikoni. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Kisha akasema, "Mjomba, umeteleza. Popo gizani haoni rangi. Mimi nimesikia maji tu, sijui ni mlango upi."

"Ukitaka kujua, itabidi uruke tena karibu na zimwi, na zimwi ameshaamka."

"Naruka."

Dadu ikarushwa, ikaanguka vibaya. Zimwi akampiga popo kwa kiganja, bawa likachanika. Lakini sauti ilikuwa imemrudia vizuri: maji yako nyuma ya mlango wa kushoto. Akarudi akijikokota, akawa mtu mwenye mkono uliovunjika, akawaeleza wenzake.

Mji ulikuwa na kiu bado. Mlango ulijulikana, ufunguo haukujulikana. Akatangulia panya. Lusajo na Ipyana wakaenda jikoni, wakachambua maharage.

Mjomba akasema, "Ufunguo umening'inia shingoni mwa zimwi. Hauvui akila, hauvui akilala."

"Mimi ni panya," akasema Subilaga, "nataka kunusa. Mikono yake inanuka nini?"

"Damu ya mbuzi."

"Nguo zake?"

"Damu ya mbuzi."

"Na ufunguo?"

Mjomba akamtazama. Swali hilo hakulitarajia. "Ufunguo unanuka chuma na jasho. Haunuki damu."

Subilaga akarudi, akawa mtu, akawaita wenzake. "Ufunguo anauvua wakati mmoja tu," akasema. "Anauvua akichinja, usichafuke."

Wakatazamana. Lusajo akasema, "Lakini nilipotoka pangoni sikusikia mbuzi hata mmoja zizini mwake. Atachinja nini?"

Ipyana akavuta kiti karibu na meza. "Kaka, ulicheka sana siku ile. Cheka tena."

Mji ulikuwa na kiu bado. Safari hii walikwenda wote: mbuzi mbele, panya nyuma yake majanini, na yule mwenye mkono uliovunjika akajibanza mlangoni mwa pango. Hakuna aliyekwenda jikoni. Bibi akalalamika kwamba maharage yamebaki.

Zimwi akamwona mbuzi, akafurahi, akamfunga kamba. Akavua ufunguo, akauweka juu ya jiwe. Akaanza kunoa kisu.

Mjomba akasema, "Ipyana, sikiliza. Ukirudi kuwa mtu sasa hivi, utakimbia na utapona. Lakini zimwi ataukwapua ufunguo. Unafanya nini?"

Ipyana akasema, "Mee."

"Nakuuliza kwa dhati. Mpelelezi wako akifa hapa, amekufa. Hatarudi tena mezani."

"Mee."

Mjomba akamgeukia Subilaga. "Panya, uko kati ya jiwe na kamba. Meno yako yanaweza kukata kamba, au kuukokota ufunguo. Vyote viwili hutawahi. Unafanya nini?"

Subilaga akamtazama mdogo wake. Alikuwa na machozi, ingawa mpaka leo anasema ulikuwa moshi wa jikoni.

"Ipyana, sema kitu," akasema.

"Mee," akasema Ipyana, na kwa kidole akausukuma ufunguo wa bati uliowekwa mezani kuwa ndio ule wa zimwi, ukamfikia.

Subilaga akaukokota ufunguo. Kisu kikashuka. Lusajo akaupokea kwa mkono mzima, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto, akafungua. Maji yakatoka kwa kishindo, yakamsomba zimwi na kisu chake, yakashuka mpaka mjini. Watu wa mji wakanywa, wakaoga, wakaimba. Mezani watatu walipiga makofi, hata Ipyana. Kisha Ipyana akachukua sanamu yake ndogo ya udongo, aliyoifinyanga mwenyewe, akaiondoa kwenye ramani.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Lusajo akasema, "Kiti ni changu. Mlango mwingine ulikuwa na nini nyuma yake, Mjomba?"

"Nyoka."

"Mmesikia? Bila mimi mngewafungulia nyoka. Na niliambiwa siri kwa bahati mbaya, hakuna aliyejua, nikaikataa. Ikanigharimu mkono. Anayekalia kiti kile hupaswa kuwa mtu asiyeiba hata pale asipoonekana."

Subilaga akasema, "Kaka Lusajo, wewe ulisikia maji yanayonguruma. Hata kiziwi angeyasikia! Mimi nilifikiri. Mjomba mwenyewe hakujua kama nitauliza. Tena nilitakiwa kuchagua kati ya mji na ndugu yangu, nikachagua. Mwenye meza ni mtu wa kuamua, hata akiumia."

Ipyana akasema, "Nyinyi mlirudi. Mimi nililala chunguni."

"Wewe ulisema mee tu!" akasema Lusajo.

"Ndiyo. Wewe ungeweza kunyamaza kiasi hicho?"

Hata Bibi akacheka, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wake.

"Lakini wazo la kuchinja lilikuwa langu," akasema Subilaga.

"Wazo lako, dada. Shingo yangu."

Wakamgeukia Mjomba. Mjomba akasimama, akakaa, akasimama tena. "Nilidhani mmoja atawazidi wenzake," akasema.

"Wagawie, mwanangu," akasema Bibi. "Wakalie kwa zamu."

"Haiwezekani, mama. Anayejua siri za nchi ni mmoja. Wakizijua watatu, atabaki nani wa kuulizwa, 'Unafanya nini?'"

Mvua ikaanua. Mzigo wa Mjomba ulikuwa umefungwa tayari, na kiti kilikuwa kimoja, kitupu, mbele yao wote.

Haya, nyinyi mliosikiliza mpaka hapa: popo aliyeikataa siri, panya aliyenusa kisicholowa damu na kuuchagua mji, au mbuzi aliyesema mee mpaka kisu kikashuka? Kiti kile mngempa nani?