Mawe ya Mama Shida

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Mwenye akili hatupi mbacha wake kwa kuuona msala begani mwa mpita njia, kwa sababu mpita njia hupita na chake. Useni, seremala wa mtaa wa Murara mjini Goma, aliijua methali hiyo tangu chuoni, na kuijua hakukumsaidia kitu.

Mkewe Faida, Mama Shida, alizaliwa Kituku, ufukweni mwa ziwa. Tangu avunjike nyonga hakuweza tena kuteremka huko, na majonzi yalimkondesha. Useni alimpenda mno, akaazimia kumletea ziwa nyumbani. Miaka hiyo ya Zaïre wenye maduka wengi walikuwa wameondoka, naye akapata kioo kipana cha dirisha la duka lililofungwa. Akajenga sebuleni tangi la saruji refu kama kitanda, kioo kikiwa mbele, akaziba viungo kwa lami. Alilijaza na kulimwaga mara nyingi mpaka maji yakaacha kunuka saruji, ndipo akaleta tilapia wadogo.

Lakini maji yakisimama huoza. Yatasafishwaje? Swali hilo liliwanyima usingizi wote wawili. Walijaribu mchanga, ukaziba. Walijaribu makaa, maji yakawa meusi kama wino. Mwishowe wakainua juu ya tangi pipa lenye matundu chini, wakalijaza vijiwe vya volkano, vyepesi, vyenye vitundu kama mkate. Asubuhi na jioni Faida alikaa kando yake, akiteka maji kwa kata na kuyamimina pipani, nayo yakichuruzika kurudi tangini. Wiki zilipopita, mawe yakaota utelezi wa kahawia, na maji yakang'aa.

"Huu uchafu ndiyo unakula ule mwingine," Faida alisema, akinusa jiwe moja.

Useni alicheka, akalirudisha jiwe pipani.

Siku moja Faida alimwita mumewe, akimwonyesha tilapia mmoja. "Papa Shida, angalia huyu. Hakuli, na mashavu yake imevimba."

"Ni mugonjwa?"

"Hapana. Iko na batoto mu kinywa. Siku moja atabaachilia, na miye nitakuwa hapa naangalia."

Kuanzia siku hiyo hakubanduka kiooni. Alikula akiangalia, alisuka ukili akiangalia, na kwa mara ya kwanza tangu aumie aliomba aongezewe ugali.

Ndipo akaja Assumani, dereva wa lori, akiwa na mashine ya umeme ya kusafisha maji aliyoagizwa na tajiri mmoja wa Bukavu. "Itumieni kwanza," alisema. "Mama anachoka bure, na ile mawe inanuka." Mashine ilipochomekwa, maji yalitoa mapovu kama sufuria ya chai. Useni akaingiwa na tamaa.

"Uache mawe yangu, Papa Shida," Faida alisihi. "Mashine ni ya mutu wa njia."

"Mama, mawe? Hapa Goma tunalala juu ya mawe."

Akayamwaga mlangoni, penye matope, ili watu wapite wasichafuke. Kata ya Faida ikatundikwa ukutani.

Haukupita muda, Assumani akarudi na haraka zake. Mwenye mashine alikuwa akiingoja. Akaichomoa, akaenda. Useni hakushtuka, alijaza pipa mawe mapya, rangi ileile, uzito uleule. Kumbe sura si utendaji. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, na samaki wakapanda juu wakitweta. Useni akakimbia mlangoni kufukua mawe ya zamani, lakini jua na miguu ya wapita njia vilikuwa vimeyafanyia kazi. Ule utelezi ulikuwa vumbi.

Faida akaitungua kata yake, akamimina maji bila kupumzika. Mbele ya macho yake tilapia mwenye watoto akawatema kabla ya wakati wao, viini vya mayai vikiwa bado vimening'inia tumboni. Wakaanguka chini, wasiogelee. Mama yao akawafuata kifoni.

"Nilikuwa nataka nibaone banaogelea tu," Faida alisema, akaugeuza uso wake ukutani.

Useni aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. Mawe mengine yangeota utelezi baada ya wiki nyingi. Mkewe, hakujua kama angegeuka tena kutazama. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.