Mashine Isiyouliza

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, maana umeme ulikuwepo na Linux ilikuwepo, palikuwa na chuo cha ufundi ambacho sikitaji jina, nisije nikaitwa. Mchana wanafunzi wana mtihani, na zinatakiwa kompyuta pepe chungu nzima. Pepe, yaani hazina mwili, zote zinaishi ndani ya kompyuta moja kubwa. Kila moja lazima iwekewe Linux. Na Linux, huo mfumo wa kuiendesha kompyuta, ikiwekwa, jamani, huuliza mpaka ukereke: lugha gani? Saa za wapi? Diski ipi niifute?

Kazi akapewa Mwantumu. Tangu asubuhi hakuwa na utulivu, akikaa anainuka, akiinuka anakaa. Akaandika faili la majibu, la kuijibu Linux kila swali bila mtu kukaa hapo. Kwenye swali la diski, ghala la kila kilichomo kwenye kompyuta, akaandika: niulize kwanza.

Mkuu wa chuo, Mzee Chambo, akachungulia. "Bado inauliza? Mwanangu, muda hatuna! Toa hilo."

Akalitoa, akaandika: futa diski unayoikuta. Hakupenda, lakini mkubwa ameshasema.

Mhina, fundi wa mtandao, akaliweka faili mtandaoni ili kila kompyuta inayoamka ilichukue. Ilimpasa aweke mipaka, zilipate zile pepe tu. "Nikianza kuchagua moja moja, tutakesha," akasema, akafungulia zote.

Nuru, mtunza maabara, akaona kompyuta inayohifadhi kazi za wanafunzi imeganda. Zima, washa, ndiyo dawa yake ya siku zote, na hakumuuliza mtu. Kumbe kompyuta za maabara ile zilizoeshwa kutazama mtandao kwanza kila zikiamka. Basi hiyo nayo ikalikuta faili la Mwantumu, ikatii, ikafuta kila kitu.

Lahaula! Kazi za kuhitimu, jasho la mwaka mzima, zikaenda na maji. Nakala hakuna, maana Nuru alingoja mtihani upite ndipo azichukue.

Mzee Chambo akawaita nje ya darasa. "Mmoja wenu ataingia awaambie wale watoto. Akitoka humo, kazi hapa hana."

"Mimi nimesambaza faili la mtu," akasema Mhina. "Neno futa sikuliandika mimi."

"Na mimi nimewasha kompyuta!" Nuru akapaza sauti. "Tangu lini kuwasha kompyuta ni kosa? Mngeniambia basi kwamba mmetega mtego."

Mwantumu machozi yalimlenga. "Nimeandika, sikatai. Lakini niliziandikia mashine tupu, na niliandika iulize. Mzee, si wewe uliyeniambia nitoe?"

"Nilikuambia utoe swali. Nilikuambia ufute kazi za watu? Mjuzi ni wewe, mimi najua wapi mambo ya diski?"

Ndani wanafunzi walikuwa wakicheka, wakitaniana nani ataajiriwa wa kwanza. Mwantumu akausogelea mlango, akarudi, akausogelea tena. Aliona uchungu, aliona haya, na alikuwa na mama nyumbani anayemtegemea. Akawageukia wenzake, nao wote wakatazama viatu vyao.

Haya, msinikodolee macho mimi, mimi msimuliaji tu. Watu wanne wamesimama, mlango ni mmoja, na watoto wa watu wanangoja. Je, nani alistahili kuufungua?