Neno Lililomtoa Kiboko Majini

Mniwie radhi kabla sijaanza, maana hadithi hii nitaiharibu. Aliyenisimulia aliisimulia vizuri sana, lakini mimi nilikuwa nakula muhogo wa kukaanga, na masikio yangu hayasikii vizuri mdomo ukiwa kazini. Mkiona pamepinda, chekeni tu.

Naibwaga!

Semeni: Ibwage!

Naibwaga, iwaangukie!

Ibwage, tumeikinga!

Zamani, zamani sana, Twiga akiwa bado hajaamua shingo yake ikomee wapi, wanyama walikuwa na Bunge. Na Bunge hilo, kila baada ya masika manne, lilichagua Baraza la Saba, wakubwa saba wa kuendesha nchi nzima. Kulikuwa na Kiti cha Malisho, Kiti cha Njia, Kiti cha Ulinzi, na vingine. Kilichotamaniwa kuliko vyote kilikuwa Kiti cha Maji.

Kiti hicho alikikalia Kiboko. Nikisema alikikalia, nina maana alikikalia! Nchi nzima ilikuwa na bwawa moja, na Kiboko alishinda humo kutwa. Hata Bunge lilihamia ukingoni, kwa sababu Mheshimiwa hakutaka kutoka kuhudhuria.

Mwaka huo jua likawaka, bwawa likanywea. Mama Kanga akaja na vifaranga wake tisa. Ilikuwa siku ya pili hawajanywa.

"Mheshimiwa, sogea kidogo watoto wanywe."

"Nisogee wapi, mama? Niko kazini."

"Kazi gani?"

"Nayalinda maji."

"Unayalinda dhidi ya nani?"

"Dhidi yenu nyinyi."

Mama Kanga akawatazama wanawe. Midomo ilikuwa wazi, sauti hakuna. Akajua hawatafika kesho.

Bahati, siku hiyo ndiyo ilikuwa ya uchaguzi. Viti sita vilikuwa vimeshajazwa asubuhi. Kilibaki cha Maji. Kiboko akajitaja. Fisi akajitaja. Mama Kanga akapanda juu ya gogo, akasema, "Mimi namtaja Kakakuona."

Lo! Bunge zima likaangua kicheko. Kakakuona, mnyama wa magamba, mwenye haya kuliko bibi harusi! Ukimgusa anajikunja, unabaki na mpira.

"Huyo atatufanyia nini?" akauliza Fisi. "Atatuviringishia maji?"

"Anachimba," akajibu Mama Kanga. "Kiangazi kilichopita nilimwona akichimba mchangani mpaka maji yakatoka. Akanywa, akaondoka. Hakumtangazia mtu. Wewe Fisi, ukipata mfupa tu, nchi nzima hailali."

Spika alikuwa Korongo. Alisimama kwa mguu mmoja, ili mguu wa pili usije ukaambiwa umependelea upande. Akatangaza, "Wabunge ni tisini na tisa. Kila mmoja ataingia nyuma ya matete, atatia punje moja ya mtama katika kibuyu cha anayemtaka. Mshindi lazima apate hamsini."

Wakapiga kura mara ya kwanza. Kiboko arobaini na tano, Kakakuona thelathini, Fisi ishirini na nne. Hamsini haikufika. Fisi akatoka.

Wakapiga kura mara ya pili. Kiboko arobaini na tisa, Kakakuona arobaini na tisa, na punje moja ikakutwa chini. Hamsini haikufika. Kicheko kikakoma.

Wakapiga kura mara ya tatu. Korongo akahesabu cha Kiboko: arobaini na tisa. Akaanza kuhesabu cha Kakakuona. Arobaini na saba. Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Hata nzi wakatua. Akaingiza mdomo ndani ya kibuyu, akautoa na punje moja.

"Hamsini."

Jamani! Punje ile ilikuwa ndogo kuliko kupe wa sikioni mwa Kiboko. Wanyama wote waliiona.

Sasa nchi hiyo ilikuwa na desturi. Anayechaguliwa huulizwa mbele ya Bunge, mara tatu. Asipojibu "nimekubali," kiti kinabaki kwa anayekikalia.

Korongo akauliza, "Kakakuona, umekubali?"

Kakakuona? Kusikia jina lake tu, alikwisha kujikunja. Mpira kimya.

"Kakakuona, umekubali?"

Mpira kimya. Kiboko akaanza kutabasamu, na tabasamu la Kiboko halina pa kujificha.

Mama Kanga akauinamia mpira ule. "Dada, sikukuita uje upige kelele. Nimekuita uchimbe. Wanangu hawa hapa."

"Kakakuona, umekubali?"

Gamba moja likafunguka. Likafuatia la pili. Ikatokea pua nyembamba. Sauti ikatoka kama majani yanayokanyagwa: "Nimekubali."

Korongo akamgeukia Kiboko. Maana desturi iliendelea: anayeshindwa naye huulizwa, na jibu lake ni neno lile lile.

"Mheshimiwa Kiboko, umekubali?"

Kiboko akafungua kinywa. Kinywa kile! Sungura akazimia mara mbili, ya pili ya akiba.

"Tisini na tisa nyinyi," akanguruma, "nani kati yenu anaweza kunitoa humu?"

"Hakuna," akasema Korongo, bado kwa mguu mmoja. "Ndiyo maana tunakuuliza."

Kiboko akamtazama Simba wa Ulinzi. Simba hakuinua hata ukucha. Akazitazama punje, zimepangwa hamsini juu ya jani. Akatazama tena.

"Nimekubali."

Akatoka. Maji yakamteremka mgongoni, ardhi ikatikisika, wanyama wakampisha njia pana, nao wakainamisha vichwa. Tone la damu halikumwagika. Na bwawa likashuka nusu nzima. Kumbe nusu ya bwawa ilikuwa Kiboko!

Vifaranga tisa wakanywa, wakalia kwa sauti. Kakakuona akashuka kwenye tope, akachimba, akachimba, akachimba, mpaka maji yakabubujika kutoka chini. Kisha akatoa amri yake ya kwanza, kwa kunong'ona: "Mzee Kiboko apewe zamu ya kuoga, kila jioni."

Funzo ni hili: kiti cha umma kina neno moja la kuingilia na neno lile lile la kutokea. Usiloweza kulisema ukitoka, usiliseme ukiingia.

Hapo nimeitua. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka aisindikize.

Ama mimi, mwaka jana mlipiga kura, nikashindwa uenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Neno lile bado limenikwama kooni, na ufunguo wa stoo ya viti umo mfukoni mwangu. Ndiyo maana leo mmekaa chini.