Jiwe Lililoitikia Hodi

Katika mji wa Zumurafi, uliochongwa katika jabali jeupe hata ngazi zake hazikuwa na kiungo, alitawala Sultani Dhahiri bin Mukhtari, mkarimu wa chakula na mwepesi wa viapo. Akaletewa kutoka milima ya mbali bamba la marumaru ya kijani, refu kama mlango na nene kama mto wa kulalia, na akaapa mbele ya baraza kwamba lipasuliwe katikati ya unene wake, mapande mawili yafunguke kama kitabu, mishipa ya huku ikijibu mishipa ya kule, yawe milango ya chumba cha arusi cha mwanawe Luqmani. Na atakayelivunja, akatwe mkono wa kuume.

Mafundi wote wa mji wakashikwa na homa siku ile ile. Akabaki Raihani binti Saburi, aliyerithi msumeno wa babaye na ambaye mkono wake ndio uliomlisha mama yake, naye hakujua kusingizia homa.

Ilikuwa desturi ya wakata mawe wa Zumurafi kulibishia hodi jiwe kabla ya kulikata. Fundi hugonga kwa nyundo ya mti akitega sikio, kwa maana jiwe zima hulia kama kengele na lenye ufa hulia kama chungu kibovu. Neno lenyewe lilikuwa adabu tu, kwani hakuna aliyewahi kujibiwa.

Raihani akagonga. "Hodi."

"Karibu," likasema jiwe. "Mmekawia."

Nyundo ikamponyoka. Vibarua wakatoka mbio, mmoja kwa mlango na waliobaki kwa dirisha, na Sultani akaja kwa ghadhabu na waziri wake na mwanawe, akaiokota nyundo na kugonga mwenyewe.

"Hodi."

"Nimekwisha kuitikia. Watu wa mji huu hawana masikio?"

Sultani akaketi chini juu ya mchanga, na kilemba kikamteremkia hadi puani, na waziri asijue kama ni adabu kukiinua.

"Mimi ni Karkabusi, jini wa moto," likaendelea jiwe. "Mchawi mmoja alinifunga humu nilipozicheka ndevu zake. Nikateni mnitoe, lakini msinitie maji. Tone moja likinifika, nimezimika."

Msumeno wa marumaru hauna meno. Ni bamba la chuma livutwalo juu ya mchanga mkali na maji, mchanga ukikata na maji yakipoza. Likikatwa kavu, jiwe hupata joto na kupasuka linakotaka lenyewe. Kwa maji, jini angekufa; bila maji, mkono wa Raihani ungekwenda.

"Kata kwa maji," Sultani akanong'ona. "Jini nitamsomea dua."

"Nakusikia, Sultani," likasema jiwe.

"Maulana," akasema Raihani, "nimebisha hodi nikakaribishwa. Siwezi kumwua mwenye nyumba. Kingo nitazikata kwa maji, na karibu naye nitapasua kavu."

Msumeno ule huvutwa na watu wawili, na kwa kuwa vibarua walikuwa wamekimbia, Luqmani akavua joho akashika ncha ya pili.

"Usisukume, bwana wangu. Wavuta kama mtu akunaye nazi."

"Sijawahi kukuna nazi."

"Inaonekana."

Wakasimamisha bamba, wakalikata kwa maji kutoka ukingoni, wakiligeuza upande baada ya upande, na kila mara Raihani aligonga kusikiliza uwazi alimokaa jini unaanzia wapi, na kuuliza, "Baridi?" na jiwe kujibu, "Bado." Lilipojibu, "Nasikia unyevu," akainua msumeno papo hapo, na bamba likaanikwa juani hadi mchanga wa ndani ya mfereji uliochimbwa na msumeno ukapeperuka kwa pumzi.

Kisha akachora kwa patasi, kavu, katika kina cha mfereji kuuzunguka wote, mapigo mepesi yaliyofuatana, halafu akachomeka kabari nyembamba za chuma na kuzigonga kwa zamu, kila moja kidogo. "Ukiipiga moja kwa nguvu," akamwambia Luqmani, "jiwe hufuata hasira yako." Sauti ya kengele ikashuka, ikawa ya chungu, na Sultani akaufunika uso.

Bamba likafunguka kama kitabu. Akatoka mzee mdogo, hakuzidi jogoo, ndevu zake ndimi za moto, akipiga chafya kwa vumbi. Na pale alipokuwa ameketi palikuwa na shimo katika kila pande, limejaa fuwele za zambarau zilizoota kwa pumzi zake, ziking'aa hata waziri akarudi nyuma.

"Kuna shimo," akasema Sultani.

"Palikuwa kwangu," akasema Karkabusi. "Wautaka mkono wa nani?"

Sultani akamtazama jini, akatazama zile ndevu. "Niliapa juu ya kuvunja. Juu ya shimo sikuapa."

Akampa Raihani nusu ya fuwele, na Karkabusi akahamia katika tanuri la karakana yake, akawa anamnolea patasi zisizopata kuwa butu, na Raihani akatajirika.

Siku moja mlango wake ukagongwa. "Hodi," ikasema sauti ya Luqmani, aliyekuja bila wajumbe.

Raihani hakuitikia. "Gonga tena," akasema, na akaweka sikio kwenye ubao kama afanyavyo kwa marumaru, akasikiliza hadi mlio ukaisha.

"Karibu," akasema. Na Luqmani, aliyekuja na hotuba nzima ya posa, akasimama kizingitini asikumbuke hata neno.

Wakaoana nyuma ya ile milango ya kijani. Na watu wa Zumurafi husema hadi leo: abishaye hodi na ajiandae kukaribishwa.