Ncha ya Pili ya Kamba

Palikuwa na mfugaji aliyeitwa Masinjisa. Alikuwa na mbuzi wa kumtosha, mke mwenye akili kumzidi, na mbwa jike aliyeanza kuzeeka. Nimemtaja mke kabla ya mbwa. Masinjisa mwenyewe angewatajia mbwa kwanza, nanyi mtaona ilivyomgharimu.

Kwao watu huchunga kwa zamu. Nyumba kadhaa huunganisha mbuzi wao kuwa kundi moja. Leo anatoka nalo huyu, kesho yule, na wengine wanabaki kulima. Siku ya zamu yako mali ya watu iko mikononi mwako, na hakuna anayekufuata nyuma kukuchunga wewe. Ndiyo maana mbwa wa kuchungia hachukuliwi ovyo. Mtoto wa mbwa akifumbua macho hulazwa zizini katikati ya vitoto vya mbuzi, na kila nyumba iliyo katika zamu hutoa maziwa kidogo ya mbuzi wake, anywe, azijue harufu za wote. Wana msemo wao: aliyenyweshwa na zizi halili zizi. Kwa mbwa, msemo huo haukuwahi kuwaangusha.

Kiangazi kimoja yule mbwa jike alitaka dume, akapotelea mbugani. Alirudi na mimba, na alipozaa, kila aliyechungulia alimjua baba bila kuambiwa. Watoto walikuwa na masikio makubwa yaliyosimama, midomo myembamba, na mgongoni manyoya ya kijivu yaliyochanganyika na weusi. Baba yao alikuwa mbweha. Walikufa wote akabaki dume mmoja, na huyo, siku Masinjisa alipomwinua kwa mara ya kwanza, alimng'ata kidole. Masinjisa alicheka, akanyonya damu, akampenda papo hapo.

Mkewe, Mbeleje, hakucheka. Alikuwa anapepeta mtama, akauweka ungo chini.

"Baba Chilewa, huyu unamtakia kazi gani?"

"Kazi tena? Nimempenda tu."

"Haya. Ila kamba ina ncha mbili. Ncha moja utamfunga yeye. Ya pili atafungwa nani?"

Masinjisa hakujibu. Aliona mkewe anamtafutia maneno asubuhi yote ile. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu huniacha njiani wakaenda zao. Masinjisa hakuamua kumfuga yule mnyama, wala hakuamua kutomfuga. Alimwekea maziwa siku ile, akamwekea na kesho yake, na siku zikaamua kwa niaba yake. Wengi wenu ndivyo mlivyopata mlivyo navyo.

Akampa jina, Watasema. Mnajua tunavyowapa mbwa majina: jirani anasutwa na mwenye mbwa hajafungua mdomo. Watasema akakua, na sitawadanganya, alikuwa mzuri. Alitembea bila kishindo. Alipokutazama ulijiona kama wewe ndiye uliyeingia kwake. Watu walipita makusudi uani kwa Masinjisa ili wamwone, na Masinjisa akawa mtu wa kusimuliwa sokoni, jambo ambalo mbuzi wake hawakuwahi kumfanyia. Ukimuuliza alichompendea, alikuambia hivi: huyu hamwogopi mtu wala hambembelezi mtu. Na kutwa nzima alishinda akimfundisha kuogopa na kubembeleza.

Wakati wa kumtoa na kundi ulipofika, wenye zamu walikutana kumwangalia, kama ilivyo desturi. Mama Lungwa, mjane wa nyumba ya jirani aliyekuwa na mbuzi wachache kuliko wote, ndiye aliyesema.

"Baba Chilewa, huyu mbona ni mbweha?"

"Mama yake ni yule yule mnayemjua," Masinjisa akasema. "Na amenyweshwa na zizi. Maziwa yako mwenyewe yamo tumboni mwake, Mama Lungwa. Mimi namdhamini."

Wakatazamana. Hawakuliamini lile sikio wala ule mdomo. Waliliamini neno la Masinjisa, kwa kuwa hakuwahi kurudisha kundi pungufu tangu waanze kuchunga pamoja. Wakaondoka kwenda mashambani kwao.

Na lazima niseme ukweli, kwa muda mrefu Watasema hakumgusa mbuzi. Alikwenda pembeni ya kundi, akarudi pembeni ya kundi. Masinjisa akaanza kutembea kifua mbele, na wale waliokuwa na wasiwasi wakaona haya kwa wasiwasi wao. Kisha ikanyesha mvua ya kwanza ya mwaka. Ilianza kwa radi moja kavu, karibu mno, na mbuzi wakatimua mbio. Sasa mbwa aliyelelewa zizini, mbuzi wakikimbia, naye hukimbia kuwapita ili awazuie kwa mbele. Watasema alikimbia nyuma yao.

Masinjisa alipofika, mambo yalikuwa yamekwisha. Aliyekuwa chini ni jike mdogo wa Mama Lungwa, mwenye mimba yake ya kwanza. Mama Lungwa alikuwa na mjukuu nyumbani, mtoto aliyefiwa na mama yake akiwa bado ananyonya, na maziwa ya mbuzi yule ndiyo aliyokuwa akiyasubiri. Masinjisa alijua hilo. Alimbeba mbuzi mabegani, mvua ikimchapa, akaenda kumlaza uani kwa mjane, na majirani wakakusanyika.

"Nisamehe, Mama Lungwa," akasema. "Si kosa lake. Ndiyo asili yake."

Mama Lungwa alimfunika mbuzi kwa gunia kabla ya kumjibu.

"Asili ya mbweha tunaijua tangu tuzaliwe, Baba Chilewa. Yako ndiyo tulikuwa hatujaijua."

Kesho yake Masinjisa alichagua katika zizi lake jike aliye bora, anayenyonyesha, akampeleka kwa mjane. Mama Lungwa alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru kama inavyopasa. Lakini zamu ya Masinjisa ilipozunguka, mbuzi wa Mama Lungwa walibaki kwao wamefungwa, wanakatiwa majani. Zamu iliyofuata walibaki na wa nyumba nyingine. Mbuzi alilipika. Neno la Masinjisa halikupata wa kulilipia.

Wakamwambia amuue. Alichukua shoka, akakaa nalo, akalirudisha ukutani. Akampeleka mbugani mbali sana, akamwachia, akarudi bila kugeuka nyuma. Baada ya siku chache Watasema alionekana kwenye uwanda wa changarawe ulio kati ya mbuga na mashamba, amekonda, sikio limechanika. Akisogea mbugani, mbweha walimfukuza kwa kuwa kwao alikuwa mbwa. Akisogea kijijini, mbwa walimfukuza kwa kuwa kwao alikuwa mbweha. Basi akalala pale katikati, juani. Hakuomba kuzaliwa hivyo, wala hakuomba kulelewa alivyolelewa. Masinjisa alimwona, akalia, na mimi simlaumu kwa kulia.

Hapo ndipo alipoamua, kwa mara ya kwanza. Alikwenda kumchukua. Akawaambia wenye zamu kwamba anajitoa mwenyewe, wasione taabu ya kumtoa. Akajenga ua wa mawe nyuma ya nyumba, juu yake akaweka miiba, na nje ya mawe akaweka miiba tena. Akawa anachunga mbuzi wake peke yake kila siku inayokuja duniani. Asubuhi kabla ya kuchunga na jioni baada ya kuchunga, alimtembeza Watasema kwa kamba, maana mnyama yule akikosa kutembea hujila mkia. Hakumwendea rafiki, hakwenda kwenye pombe za kulimiana, hakulala nje ya nyumba yake. Watu wakasema huyu sasa ni mtu mwenye moyo. Na walisema kweli. Lakini mimi sijamaliza.

Baba yake Mbeleje akafariki, ng'ambo ya vilima. Kwa watu wa Mbeleje, mkwe ndiye anayepiga jembe la kwanza kaburini. Ndiyo heshima ya mzee aliyeozesha binti. Watasema hakukubali kuguswa na mtu mwingine isipokuwa Masinjisa na mkewe, na mkewe ndiye aliyefiwa. Mume akatazama vilima, akatazama ule ua wa mawe. Mbeleje akaenda msibani peke yake. Kaka zake walisimama na jembe wakisubiri, wakatazama njia, wakasubiri tena, kisha wakampa mume wa mdogo wake. Aliporudi hakugomba. Alivua kanga ya safari, akaitundika, akashika ufagio.

"Pole na safari," Masinjisa akasema. "Mlimzika salama?"

"Baba yangu amezikwa na wakwe wengine," Mbeleje akasema, akaanza kufagia.

Tangu siku ile Masinjisa hakuweza kula akiwa ametazamana naye.

Kikaja kiangazi kingine. Mtu mmoja kutoka mbali, aliyevaa viatu vizuri, alikuwa amesikia sokoni habari za Watasema. Alikuja, akamwangalia kupitia mwanya wa mawe, na macho yake yakawa yale yale aliyokuwa nayo Masinjisa siku ya kidole. Akaomba kwa adabu: yule mbwa jike akitaka dume tena, aachiwe mbugani, na mtoto mmoja awe wake. Alisema ana uwanja mpana. Alisema anapenda sana wanyama. Alisema atamlea tangu mchanga, na hapo ndipo Masinjisa alipoingia uani akatoka na Watasema, akampa mgeni kamba.

"Shinda naye leo," akasema. "Mimi nakaa karibu, hatakudhuru. Jioni uniambie kama bado unamtaka."

Mgeni akafurahi. Asubuhi alitembea naye, na kila aliyepita alimsalimu mara mbili. Jua lilipopanda alitaka kukaa kivulini, Watasema hakutaka. Chakula kilipoiva alitaka kwenda kula, hapakuwa na pa kufunga kamba ambapo Watasema hakuguguna mpaka ikawa uzi. Kuna haja nyingine ambayo mtu huiendea peke yake, na hata hiyo hakwenda peke yake. Watoto waliokuwa wakichota maji walizunguka njia ndefu ili wasipite mbele yake, na mgeni aliwaona walivyoshikilia ndoo kichwani wakizunguka. Jioni alirudisha kamba, mkono umebabuka. Viatu sitavieleza.

"Na wewe, ndugu yangu," mgeni akauliza, "kwa nini humwachi?"

"Mimi nilimchukua," Masinjisa akasema. Kisha akageukia mlangoni, Mbeleje alipokuwa amesimama na sufuria ya chakula cha yule mnyama. "Yule hakumchukua. Aliniuliza swali siku ya kwanza kabisa, sikumjibu. Na kamba anaishika mpaka leo."

Mbeleje aliusikia usemi huo. Hakuingia ndani. Alikaa kizingitini, na Masinjisa akaenda kukaa karibu naye, na chakula chao cha jioni wakala wakitazamana. Mgeni aliondoka mikono mitupu. Nadhani katika habari hii yote ndiye mtu pekee aliyempenda yule mnyama ipasavyo, maana alimtazama, akajitazama, akaenda zake.

Na ninyi hunijia mara kwa mara, mmoja na shamba lake, mwingine na cheo chake, mwingine na mchumba ambaye nyumba nzima inamwogopa, mkitaka niwaambie ni vizuri kwa kuwa mnapenda sana. Siwaulizi mnapenda kiasi gani. Masinjisa alipenda kuwazidi nyote. Nawauliza tu: ncha ya pili ya kamba ameshika nani, na mlimwomba lini?